Kuja Kukagua Kiwanja au Nyumba Mtwara na Lindi Kabla ya Kununua: Mwongozo Kamili kwa Aliye Mbali

Mwaka 2013 binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alinunua kiwanja huku kwetu Mtwara kwa picha tatu za simu. Ya kwanza ilionyesha mkorosho mkubwa wenye kivuli, ya pili barabara ya vumbi, ya tatu mzee amesimama mkono kiunoni. Alipokuja likizo miaka miwili baadaye tulienda pamoja. Mkorosho tuliukuta. Chini yake alikuwa ameketi bibi anabangua korosho kwa jiwe. Tukaamkia, akatukaribisha, akatuletea maji, halafu akasema kwa upole: "Wanangu, mti huu niliupanda mimi mwaka aliozaliwa kitindamimba wangu." Kiwanja cha binamu, kama kiliwahi kuwepo, kilikuwa bondeni upande wa pili, pale ambapo mvua zikianza maji hupita kama mto. Pesa hazikurudi.

Ule ulikuwa wakati wa homa ya gesi asilia ya huku kusini. Watu walikuwa wakishuka kutoka Dar es Salaam na nje ya nchi, wananunua chochote kilichoitwa kiwanja. Bomba likajengwa, mwaka 2015 gesi ikaanza kwenda Dar es Salaam, na ile homa ikashuka. Baadhi ya viwanja vya wakati ule mpaka leo ni vichaka.

Tangu hapo kila ndugu au rafiki aliyeko Muscat, Doha, London au hata Mwanza akiniambia ameona kiwanja kizuri Mikindani au nyumba ya bei nafuu Lindi, namjibu neno moja: njoo. Nauli, gesti na bodaboda vihesabu ndani ya bei ya kiwanja tangu siku ya kwanza. Ukija, ujue unachokagua ni udongo pamoja na watu walioushika. Huku kusini ardhi ina wajomba, ina majirani, ina miti iliyopandwa na mtu. Mengi ya kukuumiza yako kwa hao watu, na kwenye picha hayaonekani.

Kabla hujakata tiketi

Anza na uraia wako mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaoishi nje hujikwaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, tena kwa kupitia mamlaka ya uwekezaji. Nasi hatuna uraia pacha kwa mtu mzima: ukichukua pasi ya nchi nyingine kwa hiari yako, mbele ya sheria hii wewe si raia, hata kama kitovu chako kimezikwa Newala. Serikali imeweka utaratibu wa hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walioko nje. Masharti yake yaulize ubalozini na ofisi ya ardhi, upewe majibu kwa maandishi, kabla hujatuma hata shilingi. Njia ya mkato ya kuandikisha kwa jina la mdogo wako usiifuate. Kiwanja kilichoandikwa jina la mdogo wako ni cha mdogo wako, na akifariki ni cha mkewe na wanawe.

Baada ya hapo mtake muuzaji akutumie nakala za karatasi alizonazo. Uzito wa karatasi haulingani. Hatimiliki ya eneo lililopimwa ndiyo nzito kuliko zote. Hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo angalia imebaki mingapi. Barua ya toleo, ambayo wengi tunaiita ofa, ni hatua ya kuelekea kwenye hati, nayo ina masharti yake. Ardhi ya kijiji ina hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji. Halafu kuna karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa mtaa au kijiji. Hii ndiyo utakayoonyeshwa mara nyingi. Inathibitisha kwamba watu wawili waliuziana mbele ya mashahidi. Kama aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza, haisemi.

Ukipata namba ya kiwanja na kitalu, mwombe wakili aliyeko Mtwara au Lindi akuanzishie upekuzi, yaani kuangaliwa kumbukumbu za umiliki, ofisi ya ardhi wakati wewe bado uko kazini kwako. Muuzaji anayekataa kutoa namba mpaka "ukifika utaona" amekwisha kukusaidia kuamua.

Uje msimu gani

Huku mvua ni msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Kati ya Juni na Oktoba kila kiwanja ni kizuri: kikavu, kinapitika, upepo wa kusi unavuma. Bonde la maji nalo wakati huo hufanana na uwanja wa mpira. Mimi namshauri mtu aje Februari au Machi, mvua ikiwa imekolea, akanyage tope. Kama likizo yako ni Julai tu, njoo Julai, lakini usikamilishe malipo kabla mtu unayemwamini hajapita pale siku ya mvua kubwa na kukupigia simu ya video.

Barabara nayo iweke akilini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560, basi la asubuhi hukufikisha jioni. Mvua kubwa huikata barabara hiyo wilayani Kilwa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, madaraja yalisombwa na magari yakakwama. Ukija msimu wa mvua acha siku mbili za akiba kabla ya ndege yako ya kurudi.

Kuna na msimu wa pesa. Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, watu wanalipwa kupitia vyama vyao vya msingi, hakuna mwenye shida ya kuuza, bei zinasimama. Ikifika Januari, ada za shule mlangoni na pesa ya korosho imekwisha, viwanja vinamwagika sokoni. Ni kweli bei hulegea. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo kijana huuza eneo la ukoo bila kuwaambia wenzake, kwa hiyo bei ikilegea sana wewe ongeza maswali.

Siku za mwanzo, peke yako

Tenga siku zisizopungua saba, tano kati yake ziwe za kazi, maana ofisi utazihitaji. Fika Jumamosi. Jumapili usimpigie dalali. Chukua bodaboda, zunguka mwenyewe. Kama ni Mtwara, nenda Shangani kule ufukweni, rudi sokoni, toka hadi Naliendele, halafu Mikindani, ambayo ni kama kilomita kumi tu kutoka mjini. Kama ni Lindi, tembea mji wa chini ulioko kando ya ghuba, kisha panda mlimani uone watu wanakojenga sasa. Kaa kwenye banda la chai. Uliza kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini ni bei gani maeneo yale, ulize kwa watu watatu wasiojuana. Jumatatu dalali atakapokutajia bei yake, utajua unasimama wapi.

Masikio yako yatajaa habari za miradi: kiwanda cha gesi asilia iliyosindikwa kule Likong'o Lindi, bandari, reli ya kwenda Mbamba Bay. Baadhi ya mambo ni ya kweli na yameonekana, kama kiwanda cha saruji cha Dangote na gati jipya la bandari ya Mtwara. Nunua kwa sababu ya kilichopo leo: maji yanafika, nguzo ya umeme ipo, shule iko umbali wa kutembea. Mradi ukija uwe nyongeza. Tena maeneo yaliyotengwa kwa miradi ndiyo mabaya zaidi kununua, kwa sababu ukishafanyika uthamini wa fidia hutambuliki.

Kiwanjani

Nenda na viatu vya kufunika, futikamba ya mita 50, chupa ya maji, na simu yenye chaji. Nenda asubuhi, kisha rudi jioni siku nyingine bila kumwambia muuzaji.

Kwanza mtake muuzaji atangulie, akuonyeshe kona zote nne kwa miguu yake. Angalia anavyotembea. Mwenye mali huenda moja kwa moja, anakanyaga anapopajua, njiani anakusimulia nani alilima wapi. Asiyepajua husimama, hutazama huku na huku, hunyoosha mkono kwa mbali: "Mpaka ule kule, usawa wa ule mwembe." Usikubali usawa wa mwembe.

Kama eneo limepimwa, kila kona ina jiwe la mpaka, lile tunaloliita bikoni: zege dogo lililosimikwa ardhini, nondo katikati, na herufi na namba zilizochorwa zege likiwa bichi. Piga magoti. Futa mchanga kwa kiganja mpaka namba isomeke, ipige picha, uifananishe na namba iliyo kwenye ramani ya upimaji. Kisha lisukume jiwe kwa kisigino. Jiwe la tangu zamani halitikisiki, na majani yameota kulizunguka. Lililohamishwa hucheza, na udongo wa pembeni yake ni laini kama tuta la mihogo. Chukua alama za mahali kwenye simu kila kona, umpelekee mpima ardhi aliyesajiliwa azilinganishe. Malipo yake ni madogo ukiyalinganisha na kesi.

Eneo ambalo halijapimwa huuzwa kwa hatua. "Hatua ishirini kwa thelathini," utaambiwa, na muuzaji ataanza kukanyaga. Nimewahi kuona kiwanja kimoja kikitoka hatua thelathini kwa mguu wa muuzaji na ishirini na tatu kwa mguu wa mnunuzi. Toa futikamba yako, pima kwa mita, andika mita kwenye mkataba.

Sasa tazama maji yalikopita. Hata kiangazi ardhi hukumbuka: mchanga mweupe uliolala kwa mstari, majani makavu yaliyonasa kwenye shina la mti kimo cha goti, mizizi iliyo uchi upande mmoja, ukuta wa jirani wenye mstari wa tope. Muulize mtoto anayecheza hapo mvua ikinyesha wanapita wapi kwenda shule. Watoto hawana sababu ya kukuficha.

Ukitaka ufukweni, mambo matatu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na hata wa mto. Pima hizo mita kuanzia maji yanapofika siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maana maji mafu yatakudanganya. Pili, penye mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali, hata kama mtu atakuonyesha mabaki ya uzio wa babu yake. Tatu, Msimbati na vijiji vya jirani viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ule ufukwe ni mzuri mno, macho hayachoki, lakini kujenga pale kunahitaji ruhusa za hifadhi pia, kwa hiyo ofisi yao uitembelee kabla hujaanza kuota veranda.

Kiwanja cha kando ya barabara kuu nacho kina mtego. Hifadhi ya barabara ni mita 30 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Fremu za maduka zenye alama ya X nyekundu umeziona; usinunue ya kwako.

Onja maji ya kisima cha jirani. Karibu na bahari mara nyingi ni ya chumvi, na utategemea bomba la mamlaka ya maji, kwa hiyo uliza majirani yanatoka siku ngapi kwa wiki. Ukipanda Newala na uwanda wa Makonde hali ni nyingine: maji ya ardhini yako mbali sana, watu wanakinga mvua kwenye mashimo yaliyosakafiwa. Gharama ya shimo la maji huko iweke kwenye hesabu ya kiwanja.

Watu wa ardhi hiyo

Hapa ndipo nakuomba utulie, hata kama jua limekuchosha.

Makabila ya huku, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, kwa asili hufuata ukoo wa mama. Mjomba ana neno, na mpwa ana neno. Siku hizi mambo yamechanganyika, wapo wanaofuata dini, wapo wanaofuata baba, na mahakama ina utaratibu wake. Kwa sababu yamechanganyika, eneo moja laweza kuwa na makundi mawili yanayoamini kwa dhati kwamba ni lao: watoto wa marehemu, na wapwa zake. Aliyemuuzia binamu yangu alikuwa mtoto wa kaka wa yule bibi. Hakujiona mwizi. Alijiona anauza cha baba yake.

Kwa hiyo muulize muuzaji, kwa adabu: "Mzee wangu, eneo hili ulilipataje?" Mwache asimulie. Akisema alinunua, omba karatasi ya aliyemuuzia. Akisema alirithi, omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha uombe kukutana na ndugu waliotia sahihi. Wakutane nawe wakiwa pamoja, mkekani, na mjomba awepo. Mtu akikwambia mjomba ni mgonjwa, mfuate mgonjwa kitandani kwake, na sukari kilo mbili mkononi. Ndiyo heshima, na ndiyo usalama wako.

Akiwa na mke au mume, naye umsikie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Usitosheke na dole gumba kwenye karatasi. Kaa na mama huyo ukumbini, umuulize: "Mama, umeridhia tununue hapa? Nyinyi mtahamia wapi?" Jibu lake la swali la pili litakueleza kama swali la kwanza alilijibu kwa moyo.

Halafu miti. Huku mtu aweza kuwa na mikorosho kwenye ardhi ya mwenzake, na aweza kuiweka rehani: akakopa pesa, mwenye pesa akavuna msimu mmoja, miwili, hata zaidi, mpaka deni liishe. Wewe ukanunua shamba, Oktoba ukakuta watu wanaokota korosho zako huku wana karatasi mkononi. Hesabu mikorosho, minazi na miembe mmoja mmoja. Uliza kila mmoja ni wa nani na kama una rehani. Idadi yake iandikwe kwenye mkataba. Makaburi nayo uulize, hasa chini ya mibuyu na kwenye vichaka vilivyoachwa bila kufyekwa katikati ya shamba safi.

Majirani wa pande zote nne watembelee bila muuzaji. Waamkie, jitambulishe unakotoka na wazee wako ni nani, kaa kitako. Usianze na mpaka. Ukianza na mpaka watakujibu kama askari. Ukianza na korosho za mwaka huu, mpaka utakuja wenyewe. Kisha nenda kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Ukilipa chochote ofisini kwake, omba stakabadhi ya serikali.

Kwa ardhi ya kijiji usiishie kwa mwenye shamba na mwenyekiti. Ombi la mgeni hupitia halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una kauli katika ugawaji. Mwenyekiti anayesema "mimi ndiye kijiji" anakutafutia ugomvi na watu mia tatu.

Kama ni nyumba

Nyumba za pwani adui yake ni chumvi. Wapo waliofyatua tofali kwa mchanga wa ufukweni, na ukuta wa namna hiyo hulia chumvi miaka yote: ukungu mweupe chini, rangi inabanduka, plasta inavimba kimo cha goti. Gonga plasta kwa funguo kuanzia sakafuni. Sauti ya mvungu ni plasta iliyoachia. Rangi mpya chumba kimoja tu, au kabati kubwa lililosogezwa ukutani, viangalie kwa makini. Inua macho kwenye lenta, ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye wekundu wa kutu, maana yake nondo inaliwa ndani na zege linapasuka. Kurekebisha hilo ni gharama.

Ingia darini saa sita mchana, funga mlango, zima tochi. Bati lililotoboka litakuonyesha nyota. Washa tochi, gonga kenchi, mbao zinazobeba bati, kwa mpini wa nyundo usikilize mchwa. Funulia chemba ya choo, mwaga ndoo mbili, tazama kasi ya maji. Mita ya umeme uliza jina na deni TANESCO, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na malimbikizo hukufuata wewe mnunuzi. Kama kuna wapangaji, zungumza nao, ujue wamelipa mpaka mwezi gani.

Nyumba za mawe za Mikindani zinawavutia wengi, nami nazipenda kuliko zote: kuta nene za matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, baridi ndani hata Januari. Kabla ya kununua gofu, zungumza na watu wa mambo ya kale na halmashauri kuhusu unachoruhusiwa kubadilisha. Ukuta wa chokaa usiutie plasta ya saruji, unyevu utakosa pa kutokea. Tafuta fundi anayejua chokaa, na hao wamebaki wachache.

Ofisini

Jumatatu asubuhi uwe ofisi ya ardhi na nakala zako. Omba upekuzi rasmi, ulipie kwa kumbukumbu namba ya serikali, upewe majibu kwa maandishi. Yatakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki au zuio. Deni la kodi ya pango la ardhi uliulizie hapo hapo. Jina likitofautiana na kitambulisho cha taifa cha muuzaji hata kwa herufi, simama kwanza. Pita na kwa watu wa mipango miji, waonyeshe namba ya kiwanja, waulize kimetengwa kwa matumizi gani. Kiwanja cha wazi katikati ya mji, tambarare, kisichojengwa miaka yote, mara nyingi kina sababu, nayo imo kwenye mchoro.

Umalizie Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuulizia kama kuna shauri juu ya eneo hilo. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu ya uchovu.

Pesa

Kabla ya kuonyeshwa chochote, kubaliana na dalali malipo yake, na nani anamlipa. Hela ya nauli na maji mpe, ni haki yake. Arbuni, au kishika uchumba kama vijana wanavyosema, usitoe siku ya kwanza hata ukiambiwa mnunuzi mwingine yuko njiani kutoka Dar. Mnunuzi huyo huwa njiani kila wiki. Ukitoa, iandikwe kwamba inarudi yote upekuzi ukileta tatizo.

Wakili awe wako, uliyemchagua wewe. Malipo yapite benki kwenda akaunti yenye jina la mmiliki, kwa awamu: sehemu siku ya mkataba, iliyobaki uhamisho ukikamilika. Kwa eneo lenye hati kuna fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35, kuna ripoti ya uthamini, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ambao wewe mnunuzi unaulipa, na kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi, ambayo ni ya muuzaji. Hiyo ya mwisho wauzaji wengi hawaijui, na wakiambiwa mwishoni huwa wanaitaka itoke mfukoni mwako. Itaje mapema, siku mnayokubaliana bei.

Ikishindikana kabisa kuja

Tuma watu wawili wasiojuana, siku tofauti, kila mmoja akuletee taarifa yake. Mmoja awe fundi au mpima. Mwingine, kwa maoni yangu, awe mama mtu mzima, kwa sababu ataingia uani kwa majirani ambako fundi hafiki. Simu ya video ianze mahali unapopajua, mlangoni mwa soko au stendi, na itembee bila kukatwa mpaka kiwanjani. Hati ya uwakilishi utakayompa ndugu itaje kiwanja kimoja na kazi moja, ithibitishwe ubalozini, na isimpe ruhusa ya kupokea hati kwa jina lake.

Kabla hujaondoka

Mkishamalizana, zungukia mipaka mara moja zaidi pamoja na majirani wote wanne na mwenyekiti, kila kona mpige picha mkiwa mmesimama wote. Panda michongoma au weka nguzo za zege. Waya peke yake huibwa. Kodi ya pango ilipie mwaka huo huo.

Kisha tafuta mwangalizi. Ardhi ikiachwa wazi, mtu atalima, na akikaa miaka 12 bila kuguswa sheria ya ukomo huanza kumsikiliza yeye. Mimi huwa nashauri umkaribishe jirani mwenyewe alime, kwa karatasi fupi ya kila mwaka mbele ya mjumbe: anaruhusiwa mihogo, kunde na mbaazi, haruhusiwi kujenga, wala kupanda mkorosho, mnazi au mwembe.